Milimita 127 za Giza

Kamera ninayokusudia kusimulia habari zake imekatwa kwa msumeno ncha zake mbili, na aliyeikata alikuwa akiipenda. Ilipotoka kiwandani huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa chombo kirefu cha chuma kilichovikwa ngozi, chenye lenzi ya Kijerumani iliyosimama mbele ya mvukuto mweusi, na urefu wake tangu ncha hata ncha ulikaribia robo ya mita. Leo imefupishwa kama jahazi lililokatwa tezi na omo, mgongo wake wa asili umeondolewa, na mahali pa mgongo huo pamepachikwa mgongo wa kamera nyingine. Jina lake ni Polaroid 110B, na kisa cha kukatwa kwake ni kisa cha chombo kilichozika chakula chake zaidi ya mara moja, na kila mara kikapata fundi wa kukifundisha kula upya.

Yafaa msomaji aufahamu tangu mwanzo ugumu wa jambo lenyewe. Kamera ya kawaida haichagui mkono unaoilisha: mradi filamu ni ya kipimo chake, iwe imetengenezwa Marekani, Ujapani au Ujerumani, kamera itaipokea, na kusafisha picha ni shughuli ya baadaye, katika chumba cha giza cha mtu mwingine. Kamera ya papo kwa papo imebeba chumba cha giza tumboni mwake. Filamu yake huja na dawa yake, na dawa hiyo hutandazwa na rola za kamera yenyewe, hata kamera na filamu zikawa mfano wa kufuli na ufunguo, kimoja bila kingine hakina kazi. Ndiyo maana katika biashara hii mwenye filamu ndiye mwenye kamera, ijapokuwa kamera umeinunua kwa fedha yako na kuifungia kabatini mwako.

Mambo haya yalianza kwa swali la mtoto. Mnamo Desemba 1943 Edwin Land, mvumbuzi aliyeacha masomo Harvard na ambaye mwaka 1937 alikuwa ameanzisha kampuni ya Polaroid iliyojulikana kwa vioo vya kuchuja mwanga, alikuwa mapumzikoni Santa Fe, katika jimbo la New Mexico, pamoja na ahali yake. Alimpiga picha binti yake Jennifer, aliyekuwa na umri wa miaka 3, naye mtoto akamwuliza kwa nini hawezi kuiona picha ile saa ile ile. Baba mwingine angalicheka, au angalimpa mtoto mawaidha juu ya subira. Land alitoka akaenda kutembea, na kwa masimulizi yake mwenyewe haikupita saa moja ila kamera, filamu na kemia yake vilikuwa vimekwisha kujipanga akilini mwake. Kuvitoa akilini na kuvitia mkononi kulichukua miaka mitatu na zaidi.

Tarehe 21 Februari 1947, mbele ya wataalamu wa elimu ya mwanga waliokuwa wamekutana New York, Land alijipiga picha mwenyewe, akangoja muda upatao dakika moja, kisha akabandua karatasi mbili zilizogandamana, na uso wake ukatokea juu ya mojawapo huku mwenye uso ameketi hapo hapo akiutazama. Kamera ya kwanza ya kuuzwa, iliyopewa jina la Model 95, ilitoka tarehe 26 Novemba 1948 katika duka la Jordan Marsh mjini Boston, kwa bei ya dola 89.75, na zote zilizokuwako dukani zikanunuliwa siku ile ile.

Filamu ya kamera ile yastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ndiyo iliyoipa kamera umbo lake. Ndani mlikuwa na mikanda miwili iliyoviringwa: huku mkanda wa negativu, wenye kuona mwanga, huku mkanda wa karatasi nyeupe, usioona kitu, na juu ya karatasi hiyo, mbele ya nafasi ya kila picha, kifuko kidogo kilichofumbwa chenye dawa nzito mfano wa asali. Ukiisha kupiga picha ulivuta ulimi wa karatasi uliochungulia nje. Mikanda yote miwili ikapita pamoja kati ya rola mbili za chuma, kifuko kikapasuka, na dawa ikatandazwa baina yao kwa unene ulio sawa, ikatenda kazi yake mle gizani kwa dakika moja. Kisha ulifungua mlango mdogo wa mgongoni ukaibandua picha yako, ambayo kwanza ilikuwa ya rangi ya hudhurungi, na tangu 1950 nyeusi na nyeupe. Na kwa kuwa picha hizo mpya zilikuwa zikififia, ilibidi uzipake dawa ya kuzihifadhi kwa kijiti chenye sifongo kilichonuka siki. Mikanda miwili yahitaji vyumba viwili, kimoja kila ncha ya kamera. Hiyo ndiyo sababu ya ule urefu, na ndiyo nyama ambayo msumeno ulikuja kuikata baadaye.

Model 95 na nduguze zilikuwa kamera za nyumbani, za sikukuu na siku za kuzaliwa. Lakini Land alitaka pia kuwavuta wapiga picha wa kazi, watu wenye fahari ya ustadi wao, ambao wengi wao walikuwa wakiiona kamera yake kuwa mchezo wa watoto. Hata akamfanya Ansel Adams, bingwa wa picha za milima ya California, kuwa mshauri wa kampuni. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo ilitolewa mwaka 1952 Model 110, iliyoitwa Pathfinder, mtafuta-njia, yenye lenzi ya Wollensak ya milimita 127. Ikafuatwa na 110A mwaka 1957 na 110B mwaka 1960, zote mbili zikiwa na lenzi ya Ysarex kutoka kiwanda cha Rodenstock cha Ujerumani, ya milimita 127 vilevile, na shata ya Prontor iliyoweza kufunguka kwa sekunde nzima au kwa sehemu moja ya 300 ya sekunde, kwa amri ya mpiga picha, bila betri hata moja. Na 110B ilizidi watangulizi wake kwa jambo moja ambalo macho hulishukuru: ilikuwa na tundu moja tu la kutazamia, ambamo mtu alipima umbali na kuipanga picha yake kwa mara moja, ilhali katika zile nyingine jicho lilihama kutoka tundu hadi tundu, na aliyekuwa akipigwa picha akaruhusiwa kupepesa.

Walakini mwaka 1963, sifa za 110B zingali mbichi, Polaroid wenyewe walizaa mdogo aliyekuja kumnyang'anya mkubwa wake urithi. Huyo ni filamu ya pakiti, iliyotoka pamoja na kamera ya Automatic 100: karatasi 8 bapa zilizopangwa ndani ya kasha jembamba, ambazo huvutwa kwanza kwa ulimi mweupe, kisha kwa ulimi wa manjano, na picha hutoka nje ikaivia mkononi mwa mpigaji. Mwaka huo huo ndio ulioleta Polacolor, picha ya rangi kwa dakika moja. Automatic 100 ilikuwa nyepesi, haikuhitaji vyumba vya mikanda, na ilikuwa na jicho la umeme lililojipimia mwanga na kuiamuru shata lini ijifunge. Msomaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam ambaye amewahi kuketi kwenye stuli ya studio akapigwa picha nne za pasipoti kwa mpigo mmoja, kisha akamwona mpiga picha akiingoja karatasi kidogo, akaibandua na kuikata kwa mkasi, alionana ana kwa ana na ukoo huo wa filamu ya pakiti. Ukoo ulienea ulimwenguni. Mkanda ukaachiwa wazee. Uundaji wa 110B haukukawia kusimama, na tangu hapo walioimiliki wakawa wateja wa filamu ambayo mwenyewe alikwisha kuipa kisogo.

Hapa niruhusiwe kuegesha chombo kidogo, kwa kuwa miaka hiyo ilileta ushahidi wa nguvu ya mwenye filamu kutoka upande ambao mafundi hawakuutazamia. Mwaka 1970 Caroline Hunter, mkemia wa Polaroid, na Ken Williams, mwenzake katika kampuni ile ile, wote wawili Wamarekani weusi, waligundua kwamba mitambo ya picha za vitambulisho ya kampuni yao ilikuwa ikitumika Afrika Kusini kutengeneza pasi, ndugu ya kile ambacho wazee wetu wa Kenya walikijua kwa jina la kipande, na ambacho Mwafrika wa kule hakuruhusiwa kwenda huku wala huku katika nchi yake bila kukichukua. Wakaanzisha harakati za kuitaka kampuni ijitoe. Hunter akafukuzwa kazi. Na mwaka 1977, baada ya miaka ya kelele na migomo ya wanunuzi, Polaroid ikakoma kuuza bidhaa zake katika nchi ile. Waliodai hivyo walilielewa jambo kwa hesabu nyepesi: mitambo iliyokwisha kufika haingeweza kurudishwa, lakini mtambo usiopata filamu ni jicho lisilo na mboni.

Mwaka 1992 zamu ya kupofuka ikaifikia 110B. Polaroid iliacha kutengeneza filamu ya mkanda, si kwa uadui wowote, bali kwa sababu wanunuzi walikuwa wamebaki wachache na mitambo ya kuitengeneza ilikuwa ya zamani. Kwa hesabu ya biashara kamera zote zilizokula mkanda zilikuwa zimekwisha kufa, na nyingi zilikwenda rafuni, zikawa pambo la sebule baina ya saa ya ukutani na redio ya vali. Wengine walijaribu kuzilisha filamu ya 120, ile ya upana wa sentimita 6 au karibu yake, kwa kuvipunguza vyumba vya mikanda ili kijiti kidogo kisicheze. Ikala, lakini chakula hicho kilihitaji kusafishwa dukani, na kamera iliyokuwa ya papo kwa papo ikawa ya kesho kutwa.

Ila wapo waliotazama mbele ya mvukuto badala ya nyuma yake. Walisema hivi: hii lenzi ya Ysarex ni kali, shata yake yafanya kazi, kipima-umbali chake ni cha kuaminika, kilichokufa ni mgongo tu. Na huku, katika masanduku ya vitu vilivyotumika, zimejaa kamera za pakiti zenye lenzi za kawaida, ambazo jicho lao la umeme limepofuka na vyumba vyao vya betri vimeliwa na kutu, lakini migongo yao ni mizima, ina rola safi, na yapokea filamu ambayo bado inauzwa madukani. Polaroid iliwahi kuunda kamera za pakiti zilizompa mpiga picha mamlaka yote, nazo ni Model 180 ya mwaka 1965 na Model 195 ya miaka ya 1970, lakini zilikuwa chache na bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu jasho. Basi kwa nini mzima wa mbele asiungwe na mzima wa nyuma? Hoja ilikuwa fupi. Kazi ndiyo iliyokuwa ndefu.

Kazi yenyewe huanza kwa ngozi, ambayo hubanduliwa polepole kwa kisu butu ili irudishwe baadaye, na chini yake hutokea ribiti na skrubu ambazo tangu kiwandani hazikupata kuona mwanga. Mlango wa mgongoni hutolewa mzima. Kamera hubanwa katika jiliwa lililotandikwa kitambaa, na lenzi pamoja na mvukuto hufungwa ndani ya mfuko, kwa kuwa unga wa alumini ukiingia katika shata hautoki. Ndipo msumeno wa chuma unapopita, mara moja kila ncha, na vyumba viwili vya mikanda, vilivyoitia kamera ukubwa wake kwa miaka thelathini, vikaanguka mezani kama maganda ya kaa. Baada ya msumeno huja tupa, na baada ya tupa msasa, mpaka kingo zote ziwe sawa. Kisha mgongo wa pakiti hujaribiwa mahali pake, ukatolewa, ukapunguzwa, ukajaribiwa tena, kama mshonaji anavyomvalisha bwana harusi kanzu.

Asiyeifanya kazi hii hudhani kwamba shida ni kuunganisha chuma na chuma. Shida iko katika kitu kisichoshikika. Lenzi ya milimita 127, ikielekezwa kwenye kitu cha mbali, tuseme tanga kwenye upeo wa bahari, hukusanya taswira yake milimita 127 nyuma yake, na mahali hapo tu. Mbele kidogo ni ukungu, nyuma kidogo ni ukungu. Katika kamera ya asili negativu ilipita mahali hapo hasa, juu ya fremu iliyochongwa kiwandani. Katika pakiti, filamu haikai juu ya ukingo wa kasha. Imezama ndani yake. Basi fundi akiubandika mgongo mpya palepale palipokuwa mgongo wa zamani, filamu itakuwa imerudi nyuma kwa unene wa kina hicho, na picha zote za mbali zitatoka kama zilizopigwa na mtu mwenye machozi. Ni sharti ama mgongo uzamishwe ndani ya mwili, ama kituo cha lenzi kwenye reli zake kirudishwe nyuma, na kila kirudishwapo, kipima-umbali nacho husema uongo na kuhitaji kurekebishwa.

Chombo cha kusahihishia jambo hili ni rahisi kuliko vyote vilivyomo mezani. Fundi huchukua kasha tupu la pakiti, akalitoboa mgongo, na mahali hasa ambapo filamu ingekaa akabandika kipande cha karatasi ya ukungu, ile ya kunakilia ramani. Huifungua shata ikae wazi, huielekeza kamera dirishani kwenye kitu cha mbali, mlingoti au mnara, kisha hujifunika kichwa kwa kitambaa cheusi; na juu ya karatasi ile mnara hutokea miguu juu kichwa chini, mdogo, wenye rangi zake zote. Hapo husogeza kituo cha lenzi kidogo kidogo mpaka nyuzi za umeme zilizo juu ya mnara zitengane moja moja. Zikishatengana, hukaza skrubu, na ndipo anapolihamia tundu la kutazamia, akageuza vifundo vya kipima-umbali hadi minara miwili ya mle ndani iwe mmoja. Nusu ya ustadi wa kazi nzima imo katika dakika hizo alizojifunika kitambaa.

Yaliyobaki ni ya giza. Kila kiungo hupakwa gundi na rangi nyeusi isiyong'aa. Kisha, usiku, tochi ndogo huwashwa na kutiwa ndani ya kamera iliyofungwa, na fundi huizungusha mkononi katika chumba chenye giza akitafuta nyota. Kila nyota ni tundu. Mvukuto wa kale huwa na nyota nyingi kwenye pembe zake, palipokunjwa na kukunjuliwa mara elfu, na kila moja huzibwa kwa tone la rangi ya mpira. Rola nazo husafishwa kwa kitambaa chenye maji, kwani chembe moja ya dawa iliyokauka juu ya rola huacha doa katika kila picha, kwa masafa yale yale, kama mtu anayechechemea.

Sambamba na mafundi hao wa pakiti walikuwapo wafuasi wa madhehebu ya pili, ambao walikata zaidi ili kamera ipokee filamu za inchi 4 kwa 5, kipimo cha mabwana wa studio. Hoja yao ilikuwa na busara: tangu 1958 Polaroid ilikuwa ikiuza filamu ya papo kwa papo ya kipimo hicho ndani ya bahasha, moja moja, na siku ambayo hiyo ingekoma, filamu za kawaida za kipimo kile kile zingekuwapo, zikitoka viwanda vingi. Kasoro yao ni kwamba lenzi ya milimita 127 ilikuwa imekadiriwa kwa picha ndogo zaidi, kwa hiyo pembe za picha zilitiwa kivuli mpaka tundu la lenzi lifumbwe kwa hatua kadhaa. Wengi waliikubali kasoro hiyo, na wengine wakaipenda.

Almuradi, kwa miaka mingi kamera zilizokatwa ziliishi kwa raha. Ndipo mwaka 2001 Polaroid, iliyopitwa na picha za kidijitali na kulemewa na madeni, ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Na mnamo Februari 2008 waliorithi jina lake wakatangaza kwamba wanaacha filamu zote za papo kwa papo. Kikundi kidogo kilifaulu kwa taabu kukiokoa kiwanda cha mwisho huko Enschede, Uholanzi, na mwaka 2010 kikaanza kuuza filamu iliyovumbuliwa upya kwa ajili ya kamera za Polaroid za namna ya SX-70 na 600, yaani filamu isiyobanduliwa, ambayo huiva yenyewe ndani ya fremu yake nyeupe. Ile ya kubandua, chakula cha 110B iliyokatwa, haikuwamo katika ngawira hiyo. Aliyeinusuru ni Fujifilm ya Ujapani, iliyokuwa ikitengeneza pakiti za kipimo kile kile, karatasi 10 badala ya 8: FP-100C ya rangi na FP-3000B nyeusi na nyeupe. Kwa miaka michache Wajapani wakawa ndio wauguzi wa kamera ambayo hawakuiunda. Mwaka 2013 wakatangaza mwisho wa FP-3000B. Februari 2016 wakatangaza mwisho wa FP-100C. Na pakiti zilizobaki zikapanda bei, zikawekwa majokofuni kando ya siagi, zikapigwa harusini moja moja kama risasi za mtu aliyezingirwa.

Wakati huo huo Fujifilm hiyo hiyo ilikuwa ikiuza, kwa mamilioni, filamu nyingine iitwayo Instax, iliyoanza na kadi ndogo mwaka 1998 na kufuatiwa mwaka 1999 na kadi pana. Mafundi waliipima hiyo pana, wakakuta kwamba kadi nzima, pamoja na fremu yake nyeupe, ina milimita 86 kwa 108, ukubwa ambao wakongwe wa pakiti waliujua kwa kukisia tu mkononi, kwa maana ni karibu sawasawa na karatasi ya FP-100C. Na picha iliyo ndani yake ni milimita 62 kwa 99, nyembamba kidogo na ndefu kidogo kuliko ile ambayo 110B ilizaliwa ikiipiga. Ilionekana kama amana iliyoachwa makusudi na aliyejua kwamba watakuja.

Na palikuwa na jambo la kushangaza zaidi. Filamu ya Polaroid isiyobanduliwa hupokea mwanga kwa uso ule ule ambao mtu huitazamia, na kwa sababu hiyo SX-70 ina kioo ndani yake cha kuigeuza taswira. Ukiiweka filamu hiyo nyuma ya kamera iliyonyoka, isiyo na kioo, kila picha hutoka kama ya kwenye kioo cha kinyozi, maandishi kinyumenyume, saa ya mkono wa kushoto imehamia kulia. Instax hupokea mwanga kwa mgongo wake na hutazamwa kwa uso wake, kwa hiyo haihitaji kioo. Ndiyo kusema kwamba kati ya filamu zote za kisasa, ile iliyokuwa ikiuzwa kila duka la vitu vya wasichana wa shule ndiyo iliyofaa kukaa nyuma ya mvukuto wa mwaka 1960 na kutoa picha iliyo sawa.

Lakini Instax ina adabu yake. Kadi yake haivutwi kwa mkono. Husukumwa na ukucha mdogo hadi kwenye rola, na rola huzungushwa na mota kwa mwendo mmoja usiobadilika, kwani mkono ukisita hata kidogo dawa husita nao na kuacha mstari katika picha. Basi safari hii fundi hakununua kamera ya pakiti iliyokufa. Alinunua kamera ya Instax iliyo hai, akaivua lenzi na plastiki yake, akabaki na mgongo, gia, mota na betri, kisha akaudanganya ubongo wake mdogo kwa swichi, ili uamini kwamba lenzi ingalipo na uitoe kadi kwa wakati. Wengine, waliochoka na nyaya, hupakia kadi moja moja ndani ya mfuko wa giza, na picha ikishapigwa huirudisha kadi katika kasha lake na kuitemesha kwa kamera ya Instax yenyewe, lenzi imefunikwa. Kasi ya filamu hiyo, ISO 800, huipa shida shata isiyozidi sehemu moja ya 300 ya sekunde. Jua la saa sita likiwaka, tundu la lenzi sharti lifumbwe hadi libaki kama la sindano. Mkanda ulipita, pakiti ikapita, betri imeingia mahali palipokuwa na mkono. Na bado, kila mara, kazi ya kwanza ya fundi imekuwa ile ile ya karatasi ya ukungu na mnara uliopinduka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni nini hasa kilichobaki cha 110B katika chombo hiki kilichokatwa, chenye mgongo wa plastiki na mota ya Kijapani, nitamwonyesha lenzi, nitamwonyesha mvukuto wenye madoa ya rangi ya mpira, na nitamwambia kwamba nyuma ya lenzi hiyo, ndani ya mvukuto huo, umo umbali ambao kiwanda kiliupanga na ambao hakuna mwenye filamu aliyeweza kuacha kuuuza. Instax nayo ina siku yake, kama mkanda ulivyokuwa na siku yake. Itakapofika, fundi wa zama hizo atakinunua kichakavu hiki kwenye mnada, atakitazama kwa huruma, na kabla hajaugusa msumeno atabandika karatasi ya ukungu, atajifunika kitambaa, na kuzihesabu upya zile milimita 127.